Kutoka Sao Hill hadi Keko: Hesabu Hewa, Usihesabu Farasi

Abiria wa basi la Mbeya akishaiacha Iringa mjini na kusogea kusini kilomita 80 hivi, dirishani mahindi huanza kuipisha misindano. Miti imepandwa kwa mistari, mmoja nyuma ya mwingine, hadi jicho linachoka. Hilo ndilo Shamba la Miti Sao Hill, wilayani Mufindi, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa Tanzania, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mji wa Mafinga unakula kwa miti hiyo. Malori yaliyosheheni mbao yameegeshwa kandokando ya barabara kuu, na mlio wa dingdong, zile mashine za kupasulia magogo zinazohamishika, humpokea mgeni kabla hajashusha begi.

Nilifika huko nikiwa na swali la dukani. Maduka ya vifaa vya useremala Kariakoo, Dar es Salaam, siku hizi yanauza mashine za kuvuta vumbi: mota, feni, mfuko wa kitambaa juu, mfuko wa nailoni chini, magurudumu manne. Muuzaji huzipanga kwa nguvu ya mota, yaani farasi 1, farasi 2, farasi 3. Seremala mwenye karakana ndogo akiuliza ipi inamfaa, naye huulizwa ana shilingi ngapi. Niliamua kuifuata mbao tangu inapopasuliwa hadi inapopigwa msasa, nione vumbi linavyobadilika njiani na kila mahali linahitaji mashine ya ukubwa gani.

"Kamwene, mzee," nilimsalimu msimamizi wa dingdong moja nje kidogo ya mji. Aliitikia, akaendelea na gogo lake. Alipozima injini aliinama, akachota pumba chini ya msumeno, akazifinya kiganjani na kufungua mkono. Zilibaki donge, na alama za vidole vyake zikaonekana juu yake.

"Hizi bado zina maji," alisema. "Haziruki mbali. Upepo ndio feni yangu."

Ana sababu ya kusema hivyo. Gogo lililoangushwa juzi limejaa maji, na meno makubwa ya msumeno wa kupasulia hutoa chembe nene. Chembe nene huanguka upesi. Zinazomsumbua binadamu ni zile ndogo: kwenye hewa iliyotulia, chembe ya maikroni 10 huchukua dakika kadhaa kushuka kutoka usawa wa pua hadi sakafuni, na ya maikroni 5 huweza kuelea nusu saa na zaidi. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi, kwa hiyo chembe hizo hazionekani kwa macho. Pale porini, chini ya anga wazi na mbao mbichi, kununua mashine ya kuvuta vumbi kungekuwa kutupa fedha.

Ndani ya mji mambo ni mengine. Karakana ya vitanda niliyoingia ina msumeno wa meza na mashine ya kuranda yenye upana wa inchi 12. Mbao hapa zimeshakaa juani wiki kadhaa. Zikipita chini ya visu hutoka maranda, mepesi na mengi, yanayojaza gunia wakati fundi bado anatafuta ubao wa pili. Mwenye karakana, kijana aliyepitia mafunzo ya ufundi ya VETA, hakununua mashine ya dukani. Alinunua feni yenye mota ya farasi 2, akaiunganisha na pipa la mafuta la lita 200. Bomba la kutoka kwenye mashine ya kuranda linaingia ubavuni mwa pipa, si katikati, ili hewa ianze kuzunguka ndani. Maranda yaliyo mazito hutupwa pembeni na kuteremka chini. Hewa hupanda katikati na kwenda kwenye feni. Pipa likijaa, hufungua mfuniko, na wafugaji wa kuku wa nyama huja na magunia yao kuchukua maranda ya kutandika bandani.

Nilimuuliza mfuko wa kuchujia uko wapi.

"Wa nini, kaka?" alijibu, akanionyesha dirishani. Bomba la kutolea hewa linaishia nyuma ya ukuta, kwenye shamba lake la mahindi.

Jibu hilo lina uchumi ndani yake. Karakana nyingi za Ulaya hurudisha ndani hewa iliyochujwa kwa sababu wakati wa baridi, hewa ikitupwa nje inaondoka na joto lililolipiwa. Ndiyo maana mashine zinazotoka viwandani huja na vichujio vya gharama. Mafinga kuna baridi kali Juni na Julai, lakini karakana hazina hita. Mwenye nafasi nyuma ya karakana anaweza kutoa hewa nje, akatumia pipa badala ya kichujio, na feni yake ikapumua vizuri zaidi, kwani kila kitambaa anachoondoa njiani ni mzigo anaoutua. Kwa kijana huyu, kilichomwelekeza ukubwa wa mashine ni wingi wa maranda. Mashine ndogo ya dukani ingeyavuta, lakini mfuko wake ungejaa kila baada ya muda mfupi na kazi ingesimama.

Kutoka Mafinga kwenda pwani barabara inapita Iringa, inateremka mlima Kitonga kwa kona zake zinazowafanya abiria wanyamaze, inaambaa na Mto Ruaha hadi kwenye magenge ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni, kisha inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Lori la mbao lililotutangulia Kitonga lilishuka kwa gia nzito, turubai limefungwa juu ya mbao za mbili kwa nne. Mbao hizo zilishapasuliwa. Zikifika mjini zitarandwa, kisha zitapigwa msasa, na kila hatua hutoa vumbi laini kuliko ile iliyotangulia.

Morogoro nilikaribishwa katika chuo kimoja cha ufundi chenye mashine ya kuvuta vumbi iliyo kubwa kuliko zote nilizoziona safarini: farasi 3, mifuko miwili mirefu, mdomo wa inchi 6. Mwalimu wa useremala aliiwasha. Ngurumo yake ilinyamazisha darasa la jirani. Maranda yaliyokuwa chini ya mashine ya kuranda hayakutikisika.

Mwanafunzi mmoja alicheka. Mwalimu hakucheka, alikwisha kuandika barua ya kuomba mashine kubwa zaidi.

Kasoro haikuwa kwenye mota. Waliofunga mashine ile walitoka kwenye mdomo wa inchi 6, wakapunguza hadi bomba la PVC la inchi 2, lile la maji machafu, wakalipitisha ukutani kwa kona kali tano hadi upande wa pili wa chumba. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa bomba jembamba huongeza nguvu ya kuvuta. Wengi wanaamini hivyo.

Hesabu inakataa. Vumbi kavu la mbao linahitaji hewa inayokwenda mita 20 hivi kwa sekunde ndani ya bomba. Vumbi lenye unyevu huhitaji mita 25. Mwendo ukipungua, vumbi huanza kulala sakafuni mwa bomba hadi linaziba. Bomba la inchi 4, yaani milimita 100, lina tundu la mita za mraba 0.00785. Zidisha kwa mita 20, kisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: unapata mita za ujazo 565 za hewa kwa saa. Bomba la inchi 5 huhitaji 880 hivi, na la inchi 6 huhitaji 1,270. La inchi 2 lina robo tu ya tundu la inchi 4, na kwa mwendo uleule linapitisha mita za ujazo 141. Feni iliyotengenezwa kusukuma hewa nyingi haina kifua cha kuilazimisha ipite kwenye tundu dogo. Kani yake ya kunyonya ni paskali 2,000 au karibu na hapo. Ikibanwa, hewa inapungua na mota inaendelea kunguruma.

Siku hiyohiyo mwalimu na wanafunzi wake walilitoa bomba la ukutani. Waliisogeza mashine karibu na ile ya kuranda, wakaunganisha mipira miwili mifupi ya inchi 4 iliyokuwa bado na karatasi za kiwandani stoo. Mwanafunzi aliyecheka alipewa kipande cha karatasi ya chooni akishike mbele ya mdomo wa mpira mmoja. Kwenye mdomo wenyewe karatasi ilimponyoka na kutoweka. Alipokamata nyingine na kurudi nyuma upana wa kiganja, ilipepea kidogo tu. Hivyo ndivyo hewa inavyofanya kazi: ukiwa umbali unaolingana na kipenyo cha bomba, mwendo wake umeshashuka hadi sehemu moja ya kumi hivi ya ule wa mdomoni. Kwa hiyo mdomo wa kuvuta lazima uwe pale pale visu vinapokatia. Kuuning'iniza darini hakusaidii, hata mota iwe na farasi 10.

Kuna jambo la pili la kibao cha mashine. Pakiandikwa mita za ujazo 2,000 kwa saa, mara nyingi kipimo hicho kimechukuliwa bila bomba lolote na kwa mfuko mpya usio na vumbi. Ongeza mpira wenye mikunjo, kona mbili na mfuko uliotumika miezi mitatu, hewa inaweza kushuka hadi nusu. Mafundi waangalifu hununua kwa kugawa namba ya kibao kwa mbili.

Kisha Dar es Salaam, na Keko.

Keko ni jina linalotajwa kwanza mtu wa Dar anapotaka kabati, kitanda au seti ya sofa ya kuagiza. Karakana zimebanana, bati kwa bati, na samani zilizokamilika hupangwa nje kuelekea barabarani. Huku msindano wa Mufindi hukutana na mninga, mkongo, mtiki na mbao za MDF. Niliingia kwenye karakana ya fundi mmoja alasiri, jua likiwa upande wa magharibi. Paa lake lina matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu lilikuwa limeingiza mwale. Nje ya miale hewa ilionekana safi. Ndani ya miale, vumbi jekundu la mninga lilikuwa linaelea bila haraka, na msaidizi wake, aliyekuwa akisugua mguu wa meza kwa mashine ya msasa ya mkono, lilikuwa limemjaa kopeni. Wakaguzi wa Uingereza hutumia ujanja huohuo kwa taa kali ya mkono: huimulika karakana kwa pembeni ili chembe zisizoonekana zionekane.

Vumbi hili si la kulifanyia mzaha. Katika miaka ya 1960, daktari wa pua na koo Esme Hadfield na wenzake huko Uingereza waliona saratani adimu ya pua ikijitokeza kwa wingi kati ya watengeneza samani wa eneo la High Wycombe, mji uliojulikana kwa viti vya mbao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1968. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Uingereza leo hairuhusu zaidi ya miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu katika mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8 za kazi. Umoja wa Ulaya umeshuka hadi 2 tangu Januari 2023. Utafiti wa viwanda vidogo vya mbao Tanzania uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta wastani wa miligramu 3 na ushee, huku baadhi ya wafanyakazi wakivuta mara nyingi zaidi ya hapo. Pumu na muwasho wa ngozi huja mapema zaidi. Mvule na mpingo vinajulikana kwa hilo, na mafundi wa zamani hukwambia kabla hujauliza.

Fundi wa Keko alikuwa ameshaweka akiba. Dukani ameonyeshwa mbili: ya farasi 1 anayoimudu, na ya farasi 3 ambayo angeikopea. Tulikaa kwenye benchi na futi kamba tukapima midomo ya kutolea vumbi ya mashine zake. Msumeno wa meza: inchi 4. Msumeno wa mkanda: inchi 4. Mashine ya kuranda: inchi 5. Mashine ya msasa ya mkono: milimita 35.

Swali lililofuata lilimshangaza: ni mashine ngapi huwaka kwa wakati mmoja? Moja tu, kwani wako wawili, na mmoja kila mara yuko kwenye gundi au msasa. Basi hana haja ya kujumlisha. Anapima kwa mashine moja yenye mdomo mkubwa kuliko zote, na zile nyingine anazifunga kwa kizibo cha kuteleza. Inchi 5 inataka mita za ujazo 880. Zidisha kwa mbili ili kufidia mpira na mfuko: 1,760. Ya farasi 1 aliyoonyeshwa imeandikwa 1,100, itabaki na 550 kazini, na itatosha msumeno tu kwa taabu. Ya farasi 3 itavuta zaidi ya anavyohitaji, na mota yake ikiwaka pamoja na ya kuranda, waya wa umeme wa njia moja ulioingia karakanani hautastahimili. Katikati kuna ya farasi 2, iliyoandikwa 2,000. Inakula yuniti 2 hivi za umeme wa LUKU kwa saa ya kazi mfululizo. Kwa shilingi 350 na kitu anazolipia yuniti moja, ni kama 700. Alikubali, kwa sharti aiwashe kwanza, itulie, ndipo awashe mashine ya kuranda, kwa kuwa mota zote huvuta umeme mwingi sana sekunde ya kwanza.

Ilibaki mashine ya msasa, ambayo ndiyo iliyokuwa inachafua miale. Hapo feni ya farasi 2 haifai kabisa. Mpira wa milimita 35 ni mwembamba mno kwake, kama lile bomba la Morogoro. Kazi hiyo ni ya kifyonza vumbi cha karakana, chenye hewa kidogo, mita za ujazo 200 hivi kwa saa, na kani ya kunyonya ya paskali 20,000 au zaidi, mara 10 ya feni. Kwa mbao ngumu Wazungu hudai chenye daraja la M, kisichopitisha zaidi ya asilimia 0.1 ya vumbi linaloingia.

Na mfuko? Mafinga bomba linatazama mahindi. Keko, hatua mbili nyuma ya karakana, mama lishe amebandika sufuria la wali. Kutoa hewa nje ni kumpakulia yeye vumbi la mninga. Mfuko wa kitambaa cha kawaida unaokuja na mashine za bei nafuu hufanya kazi ya kifumbu cha nazi: machicha hubaki, tui hupita. Maranda yanabaki mfukoni, na unga wa maikroni 5 unarushwa chumbani kwa nguvu ya mota, katika usawa wa pua. Katika eneo lililobanana, fedha inayookolewa kwa kuiacha farasi 3 inunue kichujio cha maikroni 1 au laini zaidi, chenye eneo kubwa la kitambaa ili hewa isibanwe. Pipa la kuzungusha la kijana wa Mafinga linaweza kuwekwa mbele yake ili maranda yasikifikie.

Fundi alinunua ya farasi 2, mpira wa inchi 5 wa mita mbili, na kichujio hicho. Kifyonza cha msasa atakinunua baadaye. Kwa sasa msaidizi anapigia msasa nje, upepo ukiwa mgongoni na barakoa ya N95 usoni. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake na vumbi, awe na wafanyakazi mia au mmoja.

Wewe msomaji unayepanga kwenda Kariakoo, au Gikomba ya Nairobi, kutafuta mashine ya namna hii, nenda na karatasi yenye mambo manne: mdomo mkubwa kuliko yote kati ya mashine zako, idadi ya mashine zinazowaka pamoja, aina ya mbao unazotumia zaidi, na mahali hewa itakapotokea. Mwulize muuzaji mashine yake inavuta mita ngapi za ujazo kwa saa, na mfuko wake unazuia chembe za maikroni ngapi. Akikujibu kwa farasi peke yake, jaribu duka linalofuata.